Moto Hauna Hodi

Imepokewa katika Sahihi Bukhari kwamba nyumba moja ya Madina iliungua usiku na watu wake, Mtume (S.A.W.) akaamrisha moto uzimwe kabla ya kulala.

Vichochoro vya Mji wa Kale wa Lamu havipitiki kwa gari la zimamoto. Vinyunyizio vya darini, vinavyofunguka vyenyewe kwa joto, majumba yetu mengi hayana. Basi dakika za mwanzo ni zetu.

Mwenye nyumba, kodi uipokeayo ina amana ndani yake: weka mtungi wa kuzimia moto kila ghorofa, kagua nyaya, acha ngazi wazi. Nasi akina mama tufunge gesi, na ufunguo wa mlango wa chuma tuuweke karibu.

Mwenyezi Mungu atuhifadhi. Amin.