Manifoldi za Kutengenezwa kwa Mkono: Mambo ya Kuzingatia kwa Wamiliki wa Magari Madogo ya Zamani

Kwa wakazi wa Magoma, wilayani Korogwe mkoani Tanga, gari dogo la miaka mingi bado ni nyenzo ya riziki. Magari ya aina ya Toyota Starlet na Corolla yaliyokwishatumika miongo kadhaa yanaendelea kuwahudumia wananchi kati ya bonde la mashamba ya mkonge na vijiji vya Milima ya Usambara. Hata hivyo, kadiri gari linavyozeeka ndivyo vipuri vyake vinavyozidi kuadimika, na mmojawapo ni manifoldi ya moshi.

Manifoldi ya moshi ni kifaa kilichofungwa ubavuni mwa injini, ambacho hupokea moshi kutoka kila silinda na kuuelekeza kwenye bomba la ekzosi. Katika magari mengi ya zamani kifaa hiki ni cha chuma cha kusubu. Moshi unaopita ndani yake unaweza kufikia nyuzi joto kati ya 600 na 900 za Selsiasi injini inapofanya kazi nzito. Chuma hupanuka kinapopata moto na kusinyaa kinapopoa, na baada ya miaka mingi ya mabadiliko hayo hupasuka. Miinuko huongeza mzigo huo. Barabara ya kutoka Mombo kwenda Lushoto, yenye urefu wa takribani kilomita 33, hupanda karibu mita 1,000, na injini ndogo hulazimika kuvuta kwa nguvu kwa muda mrefu bila kupumzika.

Mmiliki ambaye manifoldi yake imepasuka huwa na njia tatu: kununua mpya, kutafuta iliyotumika, au kumwendea fundi mchomeleaji amtengenezee nyingine kwa mabomba ya chuma. Njia ya tatu si kosa kwa yenyewe. Manifoldi ya mabomba iliyotengenezwa kwa vipimo sahihi ni nyepesi na inaweza kutoa moshi kwa urahisi kuliko ile ya asili. Jambo la kuangaliwa kwanza, kabla ya nguvu za injini wala mlio wake, ni iwapo kifaa hicho kinavujisha moshi.

Moshi wa injini ya petroli una gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu. Gesi hiyo hushikamana na chembechembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na hivyo kuunyima mwili hewa unayoihitaji. Manifoldi ipo karibu na ukuta unaotenganisha injini na abiria. Iwapo inavuja, moshi unaweza kupenya kupitia matundu ya nyaya, mpira uliochakaa au mfumo wa kupasha joto. Hatari huongezeka katika maeneo ya baridi kama Lushoto, ambako abiria husafiri vioo vikiwa vimefungwa. Dalili zake ni maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi usio wa kawaida, hasa zikiwapata watu zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja. Zinapojitokeza, gari lisimamishwe, injini izimwe, abiria wote watoke nje kwenye hewa safi na wapelekwe kituo cha afya bila kuchelewa.

Ubora wa manifoldi huanzia kwenye malighafi. Bamba linaloshikana na injini, linalojulikana kwa mafundi kama flanji, linapaswa kuwa nene, kwa kawaida milimita 8 hadi 10, ili lisijipinde kwa joto. Mabomba ya maji yaliyopakwa zinki hayafai kwa kazi hii. Zinki hiyo inapochomelewa hutoa mvuke unaomsababishia fundi homa, kifua kubana na maumivu ya mwili. Palipo na karakana isiyo na mashine ya kukunja mabomba, mafundi huweza kujaza mchanga ndani ya bomba, kulipasha moto na kulikunja bila kulibana. Mchanga huo ni lazima uwe mkavu kabisa, kwa kuwa unyevu uliofungiwa ndani hugeuka mvuke na unaweza kulipasua bomba.

Fundi makini hushikiza mabomba kwa vituo vichache yakiwa mahali pake, kisha huyatoa na kukamilisha uchomeleaji nje ya gari, flanji ikiwa imefungwa kwa bolti kwenye chuma kinene. Baada ya hapo huisawazisha flanji hadi iwe tambarare na kufunga gasketi mpya. Kila panapohitajika kuchomelea ndani ya gari, betri hutenganishwa kwanza ili umeme wa mashine usiharibu kompyuta na vifaa vingine.

Kwa magari yenye kompyuta ya kusimamia mafuta, ipo hasara nyingine ya uvujaji. Sensa ya oksijeni hupima hewa iliyobaki katika moshi. Tundu lililo kabla ya sensa huweza kuvuta hewa ya nje, kompyuta ikadhani injini ina mafuta machache na kuongeza zaidi. Mmiliki aliyelipa kwa matumaini ya kuokoa mafuta hujikuta akitumia mengi kuliko awali. Kwa sababu hiyo, tundu la sensa liwekwe mahali ambapo moshi wa silinda zote umekwishakutana.

Aidha, baadhi ya wamiliki hutumia nafasi hiyo kuondoa kichujio cha moshi, maarufu kama masega. Kifaa hicho hubadili sehemu kubwa ya kaboni monoksidi kuwa kaboni dioksidi. Kiliwezekana kutumika katika nchi za Afrika Kusini mwa Jangwa la Sahara baada ya petroli yenye madini ya risasi kuondolewa kufikia Januari 2006, kwani risasi hukiua. Kukiondoa ni kurudisha sumu katika hewa ambayo jamii yote inavuta.

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inataka chombo kinachotumika barabarani kiwe katika hali salama. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ina kanuni za ubora wa hewa za mwaka 2007 na za udhibiti wa kelele na mitetemo za mwaka 2015. Kwa upande wa karakana, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inawalinda mafundi, ambao wanahitaji kioo cha kukinga macho, glavu na sehemu yenye hewa ya kutosha.

Kabla ya kulipa na kuchukua risiti, mmiliki anashauriwa kuwasha injini ikiwa baridi na kusikiliza mlio wa kugongagonga kwenye maungio. Baada ya siku chache za matumizi, aangalie iwapo kuna masizi meusi kuzunguka flanji na kumrudia fundi akaze nati, kwani joto huzilegeza. Mabomba ya mafuta, mpira wa breki na nyaya zisiwe karibu na manifoldi mpya.

Fundi aliyejifunza kazi hii mtaani anaweza kufanyiwa tathmini na kupata cheti kupitia utaratibu wa Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA) wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Cheti hicho humsaidia mwananchi kujua ni nani wa kumkabidhi kazi inayogusa hewa wanayovuta abiria wake.