Vumbi la Gari Kuukuu



Huko California, Marekani, baada ya vita vilivyokwisha 1945, vijana wengi walinunua magari makuukuu ya Ford kwa bei nafuu. Walipenda hasa ya 1932 yenye injini ya silinda 8. Waling'oa madigadi gari liwe jepesi, wakaongeza nguvu ya injini. Mpaka leo kazi hii hufanywa nyumbani, siku za mapumziko, kama wengi wetu tunavyotengeneza magari ya zamani uani.

Lakini gari kuukuu huwa na sumu. Breki nyingi za zamani zina asbestosi, na bati lililobonyea lilizibwa kwa risasi iliyoyeyushwa. Ukipuliza breki, vumbi huingia mapafuni; ugonjwa huweza kuonekana baada ya miaka 20 au zaidi.

Kiwandani tunadai vinyago. Nyumbani hakuna meneja wa kudaiwa; tujilinde wenyewe. Breki tuilowanishe, tuipanguse kwa kitambaa chenye maji, kisha tukifunge kitambaa hicho mfukoni na kukitupa. Risasi tusiipige msasa mkavu. Tunawe kabla ya kula, na nguo za kazi zisiwafikie watoto.

Afya yetu haina vipuri.