Miguu Yetu (Sehemu ya Pili): Kigimbi Kinapokaza Usiku

Katika sehemu ya kwanza tulieleza kwa nini miguu huvimba jioni. Leo tunaingia kwenye maumivu yanayomrusha mtu kitandani saa nane za usiku. Kigimbi kimekaza, vidole vimejikunja kuelekea chini, na nyama ya mguu ukiigusa ni ngumu kama ubao. Hali hiyo hudumu sekunde kadhaa, mara nyingine dakika kadhaa, kisha huachia. Lakini asubuhi bado mguu unauma ukikanyaga. Wanaosumbuliwa zaidi ni waliovuka miaka 50 na wajawazito, hasa katika miezi mitatu ya mwisho.

Ukiuliza mtaani sababu ni nini, utajibiwa upesi: umepungukiwa na chumvi, au hunywi maji ya kutosha. Jibu hilo lina chimbuko la kweli. Katika miaka ya 1920 wachimba makaa ya mawe wa Uingereza, waliokuwa wakitoka jasho jingi chini ya ardhi na kufidia kwa maji matupu, walikazwa na misuli hadi wakashindwa kazi, na waliotiliwa chumvi kidogo katika maji hayo walipata nafuu. Mchezaji wa mpira anayeanguka dakika ya 80 kwenye jua la Tanga yuko karibu na hali hiyo. Bibi wa miaka 70 aliyelala tangu saa tatu, chumba kikiwa na ubaridi, hayumo katika hali hiyo hata kidogo. Wengi wanaokazwa usiku, damu yao ikipimwa, chumvi zote hukutwa katika kiwango cha kawaida.

Vipimo vya umeme wa misuli vinaonyesha kwamba tatizo huanzia kwenye mshipa wa fahamu unaoiamrisha misuli. Mshipa huo hutuma amri ya kujikunja mfululizo, kwa kasi kubwa, bila mwenye mguu kutaka. Kwa nini iwe usiku? Angalia jinsi tunavyolala. Mtu akilala kifudifudi, au akilala chali chini ya blanketi zito lililochomekwa kwenye godoro, nyayo zake huelekea chini na kigimbi hubaki kimefupika kwa saa nyingi. Misuli iliyokwisha kufupika ikipewa amri ya kujikunja tena, hakuna kinachoirudisha. Kwenye kano ya kisigino kuna vihisio ambavyo, kano ikivutwa, huutuliza ule mshipa; kano ikiwa imelegea, vihisio hivyo havina la kusema. Umri nao huongeza lake, kwa kuwa kano hufupika na baadhi ya mishipa ya fahamu hufa. Ipo hata dhana miongoni mwa madaktari kwamba waliozoea kuchuchumaa hunyoosha vigimbi kila siku bila kujua, na aliyehamia kwenye kiti na choo cha kukalia amejinyima zoezi hilo.

Ukishaelewa hivyo, tiba ya papo hapo inajieleza. Nyoosha goti, kisha vuta vidole vya mguu kuelekea ugoko, polepole lakini bila kuachia. Kama tumbo la ujauzito au mgongo haukuruhusu kuvifikia, pitisha kanga kwenye unyayo, shika ncha zake mbili na uvute. Anayeweza kusimama na akanyage sakafu kwa kisigino, ila wazee wawashe taa kwanza na washike kitu, maana kuanguka gizani ni hatari kuliko mkazo wenyewe. Misuli ikishaachia, ikande kwa kitambaa cha maji ya moto.

Kinga inafuata njia hiyo hiyo. Kabla ya kulala, simama ukitazama ukuta umbali wa mkono, viganja ukutani, visigino vimegusa sakafu, na uegemee mbele mpaka uhisi kigimbi kinavutika. Hesabu sekunde 10 hadi 30, pumzika, rudia mara tatu kwa kila mguu. Mwaka 2012 watafiti wa Uholanzi walitoa matokeo ya watu 80 waliovuka miaka 55: walionyoosha vigimbi na misuli ya nyuma ya paja kila usiku kwa wiki 6 walipungukiwa na mikazo kuliko wenzao, kwa wastani wa zaidi ya mkazo mmoja kwa usiku. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2005, kwa watu waliokuwa tayari wakitumia kwinini, haukuona faida. Hata hivyo mimi ningeanza na ukuta, kwa kuwa haugharimu senti na haumdhuru mtu. Legeza pia blanketi upande wa miguuni, na anayelala kifudifudi aache nyayo zining'inie nje ya godoro.

Nimeitaja kwinini, na hapa naomba msomaji anisikilize vizuri. Tangu kabla ya miaka ya 1950 madaktari wa Ulaya na Marekani waliwapa wazee kidonge cha miligramu 200 au 300 usiku, na ni kweli kwamba hupunguza mikazo kiasi. Lakini dawa hiyo inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, na kwa baadhi ya watu kinga ya mwili hugeuka ikaziangamiza chembe zinazogandisha damu, mtu akavuja damu hadi kufa. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilizuia mwaka 1994 isiuzwe kwa ajili ya mikazo bila cheti cha daktari, na mwaka 2006 ikaagiza kwinini zisizosajiliwa ziondolewe sokoni. Uingereza mwaka 2010 ilielekeza isitolewe kama tiba ya kawaida ya mikazo. Sisi tuna hatari ya ziada, kwa kuwa kwinini tunaifahamu. Tumekua tukiimeza kwa malaria, masikio yakavuma, tukapona, na vidonge vilivyobaki huenda bado vimo kabatini. Malaria huua, kwa hiyo hatari ya dawa ilistahili kubebwa. Mkazo wa kigimbi hauui.

Ndizi? Moja ina takriban miligramu 400 za potasiamu, nayo ni chakula kizuri, kama lilivyo dafu. Aliyeharisha au kutapika sana itamfaa. Mgonjwa wa figo asijitibu nayo, kwani potasiamu ikizidi katika damu huathiri moyo. Vidonge vya magnesiamu vimechunguzwa mara nyingi, na kwa wazee faida yake haionekani. Kwa wajawazito matokeo yanagongana. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2016 unaruhusu magnesiamu, kalisi au mazoezi ya kunyoosha, kwa chaguo la mama mwenyewe. Mama alizungumzie hilo kliniki.

Jambo linalosahaulika kabisa ni dawa tunazotumia kwa magonjwa mengine. Dawa za presha zinazomwongezea mtu mkojo, dawa za kushusha mafuta kwenye damu, na baadhi ya dawa za pumu za kuvuta zimehusishwa na mikazo ya usiku. Usiziache kwa uamuzi wako. Zikusanye zote kwenye mfuko, mpelekee daktari, mweleze mikazo ilianza lini na kila dawa uliianza lini. Kisukari, ugonjwa wa figo, ini au tezi ya shingo, na mshipa wa fahamu uliobanwa kiunoni navyo huleta mikazo, kwa hiyo mtu anayekazwa kila wiki anastahili kupimwa.

Yapo maumivu ya mguu yanayofanana na haya lakini si haya. Kigimbi kinachouma ukitembea na kutulia ukisimama kinaashiria mishipa ya damu iliyoziba, hasa kwa mvutaji sigara na mgonjwa wa kisukari. Na mguu mmoja ukivimba, ukapata joto na kuuma mfululizo bila kuachia, huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Usiukande wala usiunyooshe. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, na ukisikia pumzi inakata au kifua kinachoma, nenda saa hiyo hiyo.