Ukiambiwa Una Deni Usilolijua



Mvua za kwanza zinapokaribia, wakulima wa mpunga hapa Ndandalo hutafuta fedha za kulimia na kununulia mbegu. Katika mafunzo yetu kwa vikundi tumekutana na wanaonyimwa mkopo kwa kuambiwa kuwa jina lao limechafuka. Wengi huondoka kimya kwa aibu, na msimu huwapita. Lakini si kila deni lililoandikwa ni la kweli.

Taarifa hizi zinatoka wapi? Benki na wakopeshaji wengine hupeleka kumbukumbu za wateja wao kwenye kanzidata ya Benki Kuu ya Tanzania. Kampuni zenye leseni huzitumia kuandaa ripoti ya mkopaji, na mkopeshaji huisoma kabla ya kuamua. Utaratibu huu unaongozwa na kanuni, ambazo pia zinampa mkopaji haki ya kuona taarifa zake na kupinga zenye makosa.

Makosa hutokea kwa njia nyingi. Mkopo umekwisha lipwa lakini kumbukumbu haikubadilishwa. Majina yamefanana. Au mtu alisajili laini ya simu kwa kitambulisho chake kwa ajili ya ndugu, ndugu akakopa kwa simu, na deni likasomeka kwa mwenye kitambulisho. Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa jina lako.

Ukikutwa na tatizo hili, fanya yafuatayo:

1. Muulize ofisa mikopo ni deni gani, la mkopeshaji yupi na la lini.

2. Omba ripoti yako kwenye kampuni ya taarifa za wakopaji, kwa mfano Creditinfo Tanzania. Andaa namba yako ya NIDA.

3. Kusanya vielelezo: stakabadhi za marejesho, taarifa ya akaunti, ujumbe wa simu na barua ya kumaliza mkopo.

4. Mwandikie mkopeshaji aliyepeleka taarifa hiyo, maana ndiye mwenye kumbukumbu za mkopo. Iarifu pia kampuni iliyotoa ripoti. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

5. Usiposikilizwa, peleka malalamiko Benki Kuu, ambayo ina tawi Mbeya. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo inakupa haki ya kuomba taarifa isiyo sahihi irekebishwe.

Tunatoa angalizo. Usilipe mara ya pili deni ulilokwisha maliza ili tu mambo yaishe. Usimpe fedha mtu anayeahidi kukusafishia jina. Na deni la kweli halifutwi kwa barua ya malalamiko. Kama mafuriko yalichukua mpunga wako, nenda kwa mkopeshaji mapema mpange upya marejesho, kisha ukimaliza, dai barua ya kumaliza mkopo na uhakikishe kumbukumbu imebadilishwa. Mdhamini naye afuatilie, kwa kuwa deni la mwenzake linaweza kumrudia.

Mithali 22:1 hutukumbusha thamani ya jina jema. Kulilinda si ukorofi. Tunaviomba vikundi vyote vianze na jambo dogo: kila mwanachama awe na bahasha moja ya kutunzia stakabadhi zake, asitupe hata moja.