Faili Zimefika Kweli?

Amri ya kunakili faili kwenye kompyuta za Linux na Mac ina herufi mbili tu: cp. Imo katika toleo la kwanza la mwongozo wa Unix, lililotolewa Bell Labs nchini Marekani tarehe 3 Novemba 1971, na hadi leo kazi yake haijabadilika. Unaitajia kinachonakiliwa, kisha unaitajia kinapokwenda. Ikimaliza haisemi neno. Haitaji idadi ya faili ilizonakili, wala haiulizi kama faili iliyokuwapo mahali pale ilikuwa na thamani kabla ya kuifuta na kuweka nyingine juu yake.

Naandika haya kwa ajili ya watu ambao faili ndizo kazi yao: mpiga picha za harusi, katibu wa shule anayetunza matokeo ya wanafunzi, mtafiti mwenye rekodi za mahojiano ya wazee. Wengi wao wamehamia kwenye dirisha la amri kwa sababu ni jepesi na halikwami hata kwenye kompyuta kuukuu, na wamefanya vizuri. Lakini amri hii ina tabia ambazo mtu asipozijua zitamgharimu, na karibu zote zinahusu upande ule ambao hatuutazami sana, yaani mahali faili zinapofikia.

Tuseme unaandika cp barua.txt akiba, ukiamini kuwa akiba ni folda. Kama folda hiyo ipo, barua itaingia ndani yake. Kama haipo, kompyuta haitalalamika: itaunda faili mpya iitwayo akiba yenye maneno ya barua yako. Sasa andika cp ripoti.txt akiba. Ripoti inafuta ile nakala ya barua na kukaa mahali pake, na wewe bado unaamini una folda yenye vitu viwili. Kinga yake ni alama moja tu: andika akiba/ kwa mkwaju mwishoni. Mkwaju huo unatangaza kwamba unakusudia folda, na kama folda haipo cp itakataa na kukupa ujumbe wa kosa. Kwa maoni yangu hii ndiyo desturi ya kwanza ya kumfundisha mwanafunzi, kabla hata ya kumwonyesha amri nyingine.

Folda nzima inahitaji kistari na herufi r, yaani cp -r picha akiba. Hapo pia jibu hutegemea hali ya upande wa pili. Folda akiba isipokuwapo, inaundwa na kupokea yaliyomo ndani ya picha. Ikiwa ipo tayari, folda picha nzima inaingia ndani yake. Kwa hiyo ukitoa amri hiyo hiyo mara mbili unapata matokeo mawili tofauti: mara ya kwanza picha zako zimo ndani ya akiba moja kwa moja, mara ya pili zimerudiwa ndani ya akiba/picha na nafasi ya diski imeliwa maradufu. Anayetaka matokeo yale yale kila mara aandike cp -r picha/. akiba. Nukta ile baada ya mkwaju inamaanisha yaliyomo ndani ya folda hii, pamoja na faili zilizofichwa.

Faili zilizofichwa ni zile ambazo majina yake yanaanza na nukta, na mara nyingi ndizo zinazobeba mipangilio ya programu. Ukinakili kwa kutumia kinyota, kama cp picha/* akiba/, hizo zinabaki nyuma. Kosa si la cp. Kinyota husomwa na sheli, yaani programu inayopokea maandishi yako na kuyaandaa kabla ya cp kuitwa, na kwa kawaida sheli huziruka faili za nukta inapokitafsiri kinyota. cp yenyewe haikioni kinyota hata kidogo. Inapokea orodha ya majina iliyokwisha kupangwa.

Jambo hilo la sheli linazaa hatari ambayo watu wengi hawaifikirii. Mtu anaandika cp *.txt na kubonyeza kitufe kabla ya kutaja mahali pa kufikia. Kama folda ina faili tatu za aina hiyo au zaidi, cp italalamika kwamba jina la mwisho si folda, na hakuna kitakachoharibika. Zikiwa mbili hasa, kwa mfano hesabu.txt na mkataba.txt, sheli inazipanga kwa herufi na cp inapokea majina mawili: chanzo na kikomo. Mkataba unafutwa na hesabu zinaandikwa juu yake, bila onyo. Ndiyo maana nasisitiza kistari na i, cp -i, kinacholazimisha amri iulize kabla ya kufuta chochote. Unaweza kuuweka ulinzi huo uwe wa kudumu kwa kuandika alias cp='cp -i' kwenye faili ya mipangilio ya sheli yako. Wanaotumia Windows wana nafuu kidogo hapa, kwani amri ya copy ikiandikwa kwa mkono huuliza yenyewe kabla ya kuandika juu ya faili iliyopo.

Kuna kitu kingine kinachopotea bila kuonekana, nacho si maneno yaliyomo ndani ya faili. Kila faili ina tarehe ya kubadilishwa mara ya mwisho, ina mmiliki, na ina ruhusa za nani anaweza kuisoma au kuiandika. cp bila nyongeza huipa nakala tarehe ya sasa hivi. Kwa mtafiti aliyepanga mahojiano yake kwa tarehe za faili, ni hasara kubwa: miaka mitano ya kazi yote itaonekana imefanywa Jumanne hii. cp -a huhifadhi tarehe, ruhusa na viungo vinavyoelekeza kwenye faili nyingine, kadiri diski inayopokea inavyoweza. Na si kila diski inaweza. Flashi nyingi zimepangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao hauna pahali pa kuandika mmiliki wala ruhusa za aina ya Linux, na haupokei faili moja inayofikia ukubwa wa gigabaiti 4. Video ndefu ya harusi inagonga ukuta huo upesi. Mfumo wa exFAT unaondoa kikwazo cha ukubwa, ingawa ruhusa bado hauzijui.

Sasa umeme. Unanakili folda kubwa kwenda diski ya nje na umeme unakatika katikati. cp huandika moja kwa moja kwenye jina la mwisho la faili, kwa hiyo faili iliyokuwa njiani inabaki nusu, lakini jina lake ni kamili na kwa macho huwezi kuitofautisha na zile nzima. Umeme ukirudi, watu wengi hutumia cp -ru ili wasianze upya, kwa kuwa herufi u inaamuru faili inakiliwe tu kama chanzo ni kipya kuliko nakala. Lakini ile nusu iliandikwa leo, na chanzo ni cha mwezi uliopita. cp inalinganisha tarehe, inaona nakala ndiyo mpya zaidi, na kuiruka. Faili mbovu inabaki hivyo hivyo, na mwenyewe ataigundua siku atakayoihitaji.

Kwa kazi kubwa, basi, sishauri cp. Nashauri rsync, programu iliyotungwa na Andrew Tridgell na Paul Mackerras huko Australia na kutangazwa mwaka 1996. Watu huisifu kwa kusafirisha faili kati ya kompyuta mbalimbali, na sifa hiyo ni ya haki, lakini inafaa vilevile kati ya kompyuta na diski iliyochomekwa ubavuni mwake. rsync huandika kila faili kwanza kwa jina la muda lililofichwa, na huipa jina lake halisi pale tu inapokamilika. Ikikatizwa, faili nusu haivai jina la faili nzima. Ukirudia amri, inalinganisha ukubwa pamoja na tarehe, inaziruka zilizofika salama na kuendelea na zilizobaki.

Nayo ina mkwaju wake. rsync -a picha/ akiba/ hupeleka yaliyomo ndani ya picha. rsync -a picha akiba/ hupeleka folda yenyewe pamoja na yaliyomo. Usibahatishe: ongeza herufi v na n, rsync -avn picha/ akiba/, nayo itakuorodheshea inachokusudia kufanya bila kugusa kitu. Soma orodha, kisha iondoe n na uiruhusu ifanye kazi. Hatua hii ni ya lazima unapotumia --delete, inayofuta upande wa pili kila kisichokuwapo upande wa kwanza. Ukikosea ukatanguliza diski tupu na kufuatisha folda yako, diski tupu ndiyo itakayonakiliwa, yaani kila kitu kitafutwa. Kwenye Windows kazi kama hiyo hufanywa na robocopy, iliyomo ndani ya mfumo tangu Windows Vista, na nyongeza yake ya /MIR ina hatari ile ile. Kwa kunakili folda pamoja na folda zilizomo ndani yake, /E inatosha.

Limebaki suala la kuchomoa. Amri inapomaliza na kunyamaza, data yako inaweza kuwa bado imo kwenye kumbukumbu ya kompyuta, ikisubiri zamu ya kuandikwa kwenye flashi. Mfumo hufanya hivyo ili kuharakisha kazi, na kwenye flashi za bei nafuu kusubiri huko huweza kuchukua dakika kadhaa. Andika sync na usubiri irudi, kisha toa diski kwa utaratibu wake kabla ya kuichomoa.

Baada ya hapo ichomeke tena na ulinganishe: diff -r picha /media/diski/picha, ukiweka njia ya diski yako mwenyewe. Amri hii husoma faili za pande zote mbili na kutaja kila tofauti, pamoja na faili iliyopo upande mmoja tu. Kuchomoa na kuchomeka upya kuna sababu. Ukilinganisha papo hapo, kompyuta huweza kusoma nakala kutoka kwenye kumbukumbu yake badala ya kwenye diski, ikakuambia mambo ni sawa wakati diski yenyewe ina kasoro. Kwa gigabaiti 100 za picha kazi hii itachukua muda mrefu. Iache iendelee usiku, na kadi ya kamera usiifute mpaka asubuhi utakapoona diff imemaliza bila kutaja faili hata moja.