Kanivali ya Trinidad: Sherehe Iliyokua kwa Kupigwa Marufuku

Kanivali ya Trinidad ilianzia kwenye kumbi za matajiri. Mwaka 1783 Hispania, iliyokuwa ikikitawala kisiwa hicho cha Karibi kilicho jirani na Venezuela, iliwaalika walowezi Wakatoliki kwa kuwagawia ardhi. Wengi waliokuja walikuwa Wafaransa kutoka Martinique, Grenada na visiwa vingine, pamoja na Waafrika waliowafanya watumwa. Waingereza walikiteka kisiwa mwaka 1797, lakini desturi ya Wafaransa ilibaki: tangu Krismasi hadi Kwaresima ilipokaribia, wenye mashamba walialikana kula, kucheza dansi na kuvaa vinyago. Baadhi yao walijifanya watumwa wa shambani, wakashika mienge na kuigiza msafara wa kwenda kuzima moto wa miwa.

Kwa watumwa wenyewe msafara huo ulikuwa mateso. Shamba liliposhika moto usiku, walikurupushwa kwa pembe na mijeledi, wakakimbizwa kwenda kuokoa miwa kabla haijaharibika. Utumwa ulipokomeshwa, kati ya 1834 na 1838, waliokombolewa waliingia mitaani na mienge, ngoma na nyimbo, wakaufanya msafara ule kuwa kumbukumbu ya uhuru wao. Uliitwa Canboulay, yaani miwa iliyoungua. Mafundi wa kupigana kwa fimbo walitangulia, kila kundi na mwimbaji wake wa kuwatia moyo na kuwakejeli wapinzani. Kwa waimbaji hao ndiko ulikochipuka muziki wa kalipso. Walikuwepo pia moko jumbie, wanaotembea juu ya magongo marefu, sanaa iliyotoka Afrika Magharibi.

Serikali ya kikoloni iliona fujo tu. Mwaka 1881 mkuu wa polisi, Kapteni Baker, alijaribu kuuzima msafara kwa nguvu katika mji wa Port of Spain, akakuta umati umejiandaa kwa fimbo na mawe. Sheria ya 1884 ikabana ngoma, mienge na makundi ya wapigana fimbo. Hapo ndipo ubunifu wa watu maskini ulipodhihirika. Waliponyimwa ngoma za ngozi, walikata mianzi ya urefu mbalimbali, wakawa wanaigonga ardhini na kuipiga kwa vijiti. Katika miaka ya 1930 vijana wa mitaa ya mabanda waligeukia mikebe na vipande vya chuma, kisha mapipa ya mafuta, ambayo hayakuwa haba katika kisiwa chenye visima vya petroli. Kwa nyundo walikibonyeza kitako cha pipa mpaka kila sehemu ikatoa sauti yake. Ala hiyo, inayopiga kila wimbo kuanzia kalipso hadi muziki wa okestra, ilibuniwa na watu ambao polisi waliwaita wahuni.

Wahindi, walioanza kuletwa mwaka 1845 kufanya kazi za mkataba kwenye miwa, nao waliacha alama yao. Katika miaka ya 1970 mwimbaji Lord Shorty alichanganya kalipso na midundo ya Kihindi, ikazaliwa soca, muziki unaotawala kanivali ya leo.

Wahamiaji waliibeba sherehe hiyo hadi Toronto, New York na London. Baada ya Weusi kushambuliwa Notting Hill, mtaa wa London, mwaka 1958, Claudia Jones, mwanahabari mzaliwa wa Trinidad, aliandaa kanivali ya ukumbini Januari 1959. Ile ya mitaani ilianza Notting Hill katikati ya miaka ya 1960, na sasa hufanyika mwishoni mwa Agosti, wakati wa joto, bila kungoja Kwaresima.