Mvua ya Mawe Mwakata, Saini ya London

Kazi ya mbunge wa Tanzania inabeba majukumu mawili ambayo kwa mtazamo wa haraka hayana undugu wowote. La kwanza ni kuwasemea wananchi wake wanapopatwa na njaa, mafuriko, ukame au msiba wa mgodini, akiidai Serikali chakula, mabati, dawa na daraja lililosombwa na maji. La pili, lililomo katika Ibara ya 63(3)(e) ya Katiba ya mwaka 1977, ni kujadili na kuridhia mikataba inayoihusu Jamhuri ya Muungano na ambayo kwa masharti yake inahitaji kuridhiwa, yaani ahadi ambazo nchi inazitoa kwa mataifa mengine. Mwananchi wa kawaida humpima mbunge kwa jukumu la kwanza na hulisikia la pili redioni tu. Katika ukanda wa dhahabu, unaotoka Kahama mkoani Shinyanga hadi Geita, majukumu hayo hayatengani, kwa kuwa kiasi cha fedha kinachobaki halmashauri kwa ajili ya zahanati na waliokumbwa na maafa kimekuwa kikiamuliwa na mikataba iliyofungwa na kampuni za Canada, Uingereza na Afrika Kusini, mingine ikitiwa saini mbali kabisa na Dodoma.

Wiki ya mbunge wakati Bunge linapokutana inafahamika vizuri. Asubuhi huanza na maswali, ambapo mbunge husimama, hupewa jibu la Naibu Waziri, hushukuru kwa majibu mazuri kama ilivyo desturi, kisha huomba kuuliza maswali mawili ya nyongeza. Alhamisi huwa zamu ya maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu. Jioni hufuata miswada, bajeti au maazimio ya kuridhia mikataba. Jambo ambalo huzungumzwa kwa nadra ni kwamba mbunge huyohuyo ni mjumbe wa baraza la madiwani la halmashauri ya jimbo lake, chombo kinachopitisha matumizi ya ushuru unaolipwa na mgodi. Ni watu wachache sana katika mfumo wetu wa utawala ambao kwa cheo chao huwa na kiti katika vyumba vyote viwili, kile kinachoiona shilingi inapoingia kijijini na kile chenye mamlaka ya kuuliza kwa nini si shilingi tano.

Aliyelazimisha swali hilo liulizwe hakutoka Kahama. Tarehe 14 Agosti 2007, Zitto Kabwe, mbunge wa Kigoma Kaskazini kwa tiketi ya CHADEMA, ambaye alikuwa hajatimiza miaka 31, aliwasilisha hoja binafsi akitaka iundwe Kamati Teule, ambayo ni kamati ya muda ya wabunge yenye uwezo wa kuita mashahidi na kudai nyaraka, ili ichunguze mazingira ya kutiwa saini mkataba wa mgodi wa Buzwagi, ulio karibu kabisa na mji wa Kahama. Mkataba huo ulitiwa saini London mwezi Februari mwaka huo na Waziri wa Nishati na Madini, Nazir Karamagi, kwa niaba ya Serikali, na kampuni iliyokuwa mikononi mwa Barrick ya Canada. Hoja ya Kabwe ilisimama juu ya maswali yanayoeleweka na mtu yeyote aliyewahi kuuza hata gunia moja la mpunga: kwa nini mkataba wa mali iliyoko Kahama usainiwe Uingereza, na kwa nini usainiwe wakati Rais Jakaya Kikwete alikwisha kuagiza mikataba ya madini ipitiwe upya? Nyuma ya maswali hayo kulikuwa na la tatu, gumu zaidi, lililohusu asilimia 15, na hapo ndipo mabishano yake na Waziri yalipokuwa makali.

Asilimia hiyo inastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu ndani yake mna sehemu kubwa ya historia ya umaskini ulio kandokando ya migodi. Kampuni hulipa kodi ya mapato kwa faida, na faida hupatikana baada ya kuondoa gharama. Kampuni ya madini iliruhusiwa kuondoa gharama zote za mtaji, yaani fedha zilizotumika kuchimba shimo, kununua mitambo na kujenga kinu, kabla ya kuhesabiwa kuwa na faida inayotozwa kodi. Sehemu ya mtaji ambayo ilikuwa bado haijafidiwa na mapato ilihamishiwa mwaka uliofuata, jambo ambalo nchi nyingi hulikubali. Lakini sheria ya kodi ya mapato ya mwaka 1973, kama ilivyotumika kwa mikataba ya mwanzo ya uchimbaji mkubwa, iliongeza kitu kingine juu ya hapo: kila mwaka ile sehemu isiyofidiwa iliongezewa asilimia 15 vitabuni.

Hesabu yake inaweza kufanywa na mwanafunzi wa kidato cha pili. Chukua mgodi uliotumia dola milioni 100, na uchukulie kwamba kwa miaka michache hakuna mapato ya kutosha kuanza kufidia mtaji huo. Mwaka wa kwanza vitabu vitasomeka milioni 115. Mwaka wa pili vitasomeka milioni 132 na robo, wa tatu milioni 152, wa nne karibu milioni 175, na wa tano milioni 201. Hakuna mtambo mpya ulionunuliwa, hakuna kibarua mpya aliyeajiriwa, hakuna koleo hata moja lililoongezwa, na bado deni ambalo nchi inapaswa kulisubiri liishe kabla ya kutoza kodi limekuwa mara mbili. Kwa mfugaji wa Shinyanga ni sawa na ng'ombe wanaozaana kwenye daftari wakati zizi lina idadi ileile, na ndama hao wa kwenye karatasi wanapaswa kugawiwa kwanza kwa mwenye daftari kabla mwenye malisho hajapewa maziwa. Ndiyo sababu migodi iliweza kupeleka dhahabu nje mwaka baada ya mwaka huku vitabu vyake vikionyesha hasara, bila ya kuwapo sheria iliyovunjwa. Kila kitu kilikuwa halali, na uhalali huo ndio unaoumiza zaidi.

Bunge halikuiunda Kamati Teule. Badala yake, kwa hoja iliyotolewa na mbunge wa Mchinga, Mudhihir Mohamed Mudhihir, Kabwe aliambiwa kwamba alikuwa amesema uongo dhidi ya Waziri, na akasimamishwa asihudhurie shughuli za Bunge hadi Januari 2008. Kabla adhabu hiyo haijamalizika, Novemba 2007, Rais Kikwete aliunda kamati ya kupitia mikataba na usimamizi wa sekta ya madini chini ya Jaji Mark Bomani, na miongoni mwa wajumbe wake akawemo Kabwe mwenyewe, pamoja na John Cheyo, Harrison Mwakyembe na mbunge wa Msalala, Ezekiel Maige. Taarifa ya kamati hiyo ilitolewa mwaka 2008, na Sheria ya Madini ya mwaka 2010 ikapandisha mrabaha wa dhahabu, yaani malipo ambayo mwenye mali hulipwa kwa kila kinachochimbwa bila kujali faida au hasara, kutoka asilimia 3 hadi 4, na kuuhesabu kwa thamani ghafi ya madini badala ya thamani iliyokwisha kukatwa gharama. Mbunge aliyetolewa nje kwa kuuliza alikuwa ameuliza swali sahihi.

Maige anastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa kuwa jimbo lake linaonyesha jinsi majukumu mawili ya mbunge yanavyogusana. Msalala ndiko uliko mgodi wa Bulyanhulu, ambao mkataba wake wa kwanza ulifungwa mwaka 1994 na ambao ulianza uzalishaji mwaka 2001. Msalala ndiko kiliko pia kijiji cha Mwakata. Usiku wa tarehe 3 Machi 2015 mvua ya mawe iliyoandamana na upepo mkali ilikipiga kijiji hicho na vijiji jirani, na watu zaidi ya 40 wakafa. Wengi wao hawakuuawa na barafu yenyewe. Waliangukiwa na kuta za nyumba zao. Tofali mbichi la udongo, lililokaushwa juani bila kuchomwa, huwa imara wakati wa kiangazi, lakini likinyeshewa kwa saa chache upande mmoja hulainika kutoka chini, na ukuta wote hulala kwa mara moja juu ya waliolala. Mwenye tofali la kuchoma, msingi wa mawe na bati lililofungwa sawasawa huamka na paa lililotoboka. Tofauti kati ya nyumba hizo mbili ni fedha, wala si nyingi, na kijiji hiki kimo katika halmashauri ileile inayotoa dhahabu ya Bulyanhulu.

Sasa tazama halmashauri zilizokuwa na migodi mikubwa zilikuwa zikipata nini. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 ilizipa mamlaka ya kutoza ushuru wa huduma, ambao wakati huo ulikuwa asilimia 0.3 ya mauzo ya kampuni iliyomo katika eneo lao. Mikataba ya madini iliweka kando kiwango hicho na kufunga malipo kwa dola 200,000 kwa mwaka, mgodi uuze kidogo au uuze sana. Mgodi unaouza dhahabu ya dola milioni 300 ungelipa, kwa asilimia 0.3, dola 900,000. Kwa hiyo halmashauri ilipoteza dola 700,000 kila mwaka kabla diwani hajafungua mdomo. Geita na Kahama ziliishi chini ya kiwango hicho kwa zaidi ya muongo mmoja, hadi katikati ya miaka ya 2010 kampuni zilipoanza kulipa ushuru wenyewe. Tofali la kuchoma halikuwahi kutajwa katika mkataba wowote, na hakuna mwanasheria aliyekusudia kuta za Mwakata zianguke. Hata hivyo, mtu anayezijua namba hizo hawezi tena kuichukulia misaada ya maafa kama jambo la huruma ya Serikali peke yake, wala kuziona blanketi na mahindi yanayofika baada ya mazishi kama kipimo cha kutosha cha kazi ya mbunge.

Mwaka 2017 Bunge liliamua kuyashughulikia mambo haya kwa nguvu ambayo haikuwahi kuonekana. Baada ya Rais John Magufuli kuzuia makontena ya makinikia, yaani mchanga wa madini uliokuwa ukisafirishwa nje kwenda kuyeyushwa, sheria zilipitishwa mwezi Julai kwa hati ya dharura, utaratibu unaoruhusu muswada kusomwa na kupitishwa katika muda mfupi kuliko kawaida. Mrabaha wa dhahabu ukapanda hadi asilimia 6, ada ya ukaguzi ya asilimia 1 ikaongezwa, Serikali ikapewa hisa zisizolipiwa zisizopungua asilimia 16, na kampuni zikatakiwa kukubaliana na halmashauri mpango wa kila mwaka wa huduma kwa jamii. Makubaliano yaliyofuata na Barrick yaliizaa kampuni ya Twiga, ambamo Serikali ni mbia. Ni mafanikio, na miradi ya shule na vituo vya afya iliyojengwa Geita na Kahama tangu wakati huo ni ushahidi wake.

Lakini sheria hizohizo zilifuta leseni za kuhodhi, ambazo zilimwezesha mwekezaji kushikilia eneo aliloligundua wakati akisubiri hali ya soko, na wenye leseni walikuwa wakilindwa na mikataba ya kulinda uwekezaji baina ya Tanzania na nchi nyingine, ukiwemo ule wa Canada ulioanza kutumika Desemba 2013. Walikwenda kwenye usuluhishi wa kimataifa. Mwaka 2023 Tanzania ilikubali kuilipa Winshear ya Canada dola milioni 30. Mwaka 2024 ikakubali kuilipa Indiana Resources, iliyodai chini ya mkataba wa Uingereza, dola milioni 90, na Montero ya Canada dola milioni 27. Jumla ni dola milioni 147. Kwa kiwango cha zamani cha dola 200,000, hayo ni malipo ya halmashauri moja kwa miaka 735.

Je, wabunge walioinua mikono Julai 2017 waliwekewa mezani mikataba hiyo ya uwekezaji kabla ya kupiga kura? Je, kamati inayoshughulikia madini ilikaa pamoja na ile inayoshughulikia mambo ya nje? Na kwa nini, miaka kumi kabla, swali la Buzwagi lilisubiri mtu wa Kigoma? Nidhamu ya chama ni jibu mojawapo, woga ni jingine, na ugumu wa nyaraka zenyewe ni la tatu, lakini hakuna hata moja linalotosha kumweleza mjane wa Mwakata.

Buzwagi yenyewe iliacha kuchimbwa mwaka 2021, baada ya uzalishaji wa takriban miaka 12. Bulyanhulu na Geita bado zinachimbwa. Sheria ya Uwazi na Uwajibikaji katika Tasnia ya Uziduaji ya mwaka 2015 inataka mikataba ya madini, mafuta na gesi iwekwe wazi kwa umma, na sheria hiyo ipo, inasomeka, na inamhusu mkulima wa Msalala kama inavyomhusu Waziri. Mbunge atakapopita kwenye mkutano wa hadhara Isaka, Bugarama au Nyarugusu, mwananchi amwombe daraja na dawa kama kawaida, kisha amtake aeleze ni mikataba gani aliyoisoma mwaka huu kabla ya kuipigia kura.